Mafuta, herufi sita: kidokezo kigumu na kidokezo kibovu

Jumamosi iliyopita kijiwe chetu cha kahawa hapa Tabora, hatua chache kutoka stesheni, kiligawanyika kwa sababu ya neno moja. Gazeti la wikiendi lilikuwa limekunjwa kwenye ukurasa wa chemshabongo, na kidokezo cha kwanza kabisa kilisema hivi tu: "Mafuta (6)". Kijana wa bodaboda alijaribu PETROLI, akahesabu kwa vidole, ikazidi herufi moja. Akaandika DIZELI. Kwa peni. Jamaa mmoja wa Kasulu, aliyekuwa anasubiri treni ya Kigoma, akachungulia juu ya bega lake akacheka: "Mafuta ni mawese, bwana mdogo. Hayo yako ni ya kuendeshea lori."

MAWESE, herufi sita. DIZELI, herufi sita. Kahawa ikapoa. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye huwa hagusi chemshabongo kwa madai kwamba ni kazi ya waliokosa kazi, akaamua kesi kwa kusema wote wawili wako sawa, na hukumu hiyo haikumridhisha yeyote.

Kwa kuwa pale kijiweni wanajua mimi ni mgonjwa wa mchezo huu, tangu siku hiyo kila anayekaa karibu yangu ananiuliza lile lile: nani alikosea? Jibu langu ni kwamba kijana hakukosea kufikiri, alikosea kukimbilia peni. Aliyekosea hasa ni mtunzi. Ila kulieleza hilo kunahitaji kwanza tujue mchezo wenyewe unafanyaje kazi, kwa sababu nusu ya ugomvi wa Jumamosi ilitokana na watu kudhani chemshabongo ni mtihani wa maarifa. Sivyo.

Vijumba na makutano ya reli

Chemshabongo ninayoizungumzia ni ule mraba uliogawanywa vijumba vyeupe na vyeusi. Kijumba cheupe kinakaa herufi moja. Cheusi ni ukuta, kinatenganisha neno na neno. Maneno huandikwa kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa wima, kutoka juu kushuka chini. Kidokezo ni ule mstari mfupi unaokuelekeza kwenye jibu. Namba iliyo mbele yake inaonyesha jibu linaanzia kijumba kipi, na namba ya kwenye mabano inahesabu herufi za jibu. Anayeuandaa mraba nitamwita mtunzi, anayeujaza nitamwita mfumbuzi.

Mtu wa Tabora hana haja ya kutafutiwa mfano mbali. Reli ya kati ikitoka Dar es Salaam, ikifika hapa inagawanyika: tawi moja linapanda Mwanza, jingine linaendelea magharibi mpaka ziwani Kigoma, na huko mbele, pale Kaliua, linachepuka la Mpanda. Stesheni yetu si mali ya njia moja. Herufi iliyokaa pale neno la mlalo linapokatiza neno la wima ni stesheni ya namna hiyo hiyo. Ukiikosea, umepoteza treni mbili kwa mpigo. Ukiipata, umesogeza safari mbili.

Katika mtihani wa shule, swali la nne halijui kama swali la tano lipo. Usipojua jibu, ndiyo basi. Katika mraba, usiyoyajua unaletewa na unayoyajua. Ndiyo maana mama anayeuza vitumbua pale kijiweni, ambaye hana shahada yoyote, humaliza mraba ambao mhitimu wa chuo kikuu ameutupa: yeye haoni aibu kuruka namba 1 na kuanzia namba 27.

Turudi kwenye ile kona yenye ugomvi. Chini ya "Mafuta (6)" zilikuwa zinashuka nguzo tatu. Kutoka herufi ya pili: "Huvunwa kwa moshi (5)". Kutoka herufi ya nne: "Sehemu (4)". Kutoka herufi ya sita: "Mjane hukaa (3)".

Kijana wa bodaboda alianza na ile ya kati. Akapata ENEO, akashangilia: "Oneni, E imekaa!" Na kweli ilikaa. Lakini angalia vizuri: herufi ya nne ya DIZELI ni E, na herufi ya nne ya MAWESE pia ni E. Ule ushahidi aliokuwa akiupigia kelele ulikuwa unawafaa wote wawili. Hili ndilo kosa linalowaangusha wafumbuzi wengi kuliko kutojua maneno. Herufi iliyokubali haithibitishi jibu lako mpaka ujiulize kama isingelikubali na jibu la mwenzako.

Kilichomaliza kesi ni moshi. Kwa mtu wa Tabora hicho si kidokezo, ni zawadi. Nani hapa hajui kwamba mrina asali hapandi kwenye mzinga bila moshi? ASALI. Basi herufi ya pili ya mafuta yetu ni A, na DIZELI ambayo hapo ina I imeshakufa. Mjane naye hukaa EDA, kwa hiyo herufi ya sita ni E. MAWESE yakashinda. Kama kuna aliyebaki na shaka, 8 mlalo ilikata A ya ASALI, E ya ENEO na A ya EDA kwa kidokezo hiki: "Huona, haisemi, lakini hutoa ushahidi (6)". Kila baada ya kijumba kimoja tayari kulikuwa na herufi: _A_E_A. KAMERA.

Nimeikalia kona hii kwa sababu ina kila kitu. "Mjane hukaa" na "Huvunwa kwa moshi" ni vidokezo vizuri. "Sehemu" ni cha kujazia. "Mafuta" ni kibovu, na si kwa sababu kilikuwa kigumu. Kilikuwa kibovu kwa sababu hata ukishajua jibu, huoni kwa nini lilikuwa hilo na si jingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Kidokezo kigumu kikifumbuka unajipiga paji la uso: "Aa! Nilikuwa nimelala." Kibovu kikifumbuka unataka kumpigia simu mhariri.

Rika moja na reli yetu

Mchezo wenyewe si wa kale. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alichapisha wa kwanza katika gazeti la New York World, Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913. Haukuwa mraba, ulikuwa na umbo la uru kwenye karata. Reli iliyofika Tabora 1912 ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, kwa hiyo chemshabongo na njia yetu ya magharibi ni watoto wa rika moja.

Mzee wetu mstaafu atafurahi kusikia kwamba hakuwa wa kwanza kuudharau. Mwaka 1924 gazeti la New York Times liliandika kwamba mchezo huu ni upotevu wa muda. Miaka kumi na minane baadaye, Februari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani, gazeti lilelile likaanza kuuchapisha, na mpaka leo watu wananunua gazeti hilo kwa sababu yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo, huko Uingereza, gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limeendesha shindano la kumaliza mraba ndani ya dakika 12. Baadhi ya walioshiriki walipokea barua za kuitwa Bletchley Park, mahali Waingereza walipokuwa wakivunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Waliokosa kazi wakapata kazi.

Kuanzia miaka ya 1920 mchezo uligawanyika koo mbili. Wamarekani walibaki na vidokezo vya maana na maarifa. Waingereza, wakiongozwa na mtunzi wa gazeti la The Observer aliyejiita Torquemada, wakaanza mwaka 1926 kutunga mraba ambao kidokezo hakisemi kinachoonekana kusema. Mimi nashikilia kwamba Kiswahili kingefaa zaidi ukoo huu wa pili, ingawa magazeti yetu yameufuata ule wa kwanza.

Kitendawili! Tega!

Sababu ni kwamba sisi tumelelewa na mafumbo. Kabla mtoto hajajua kusoma ameshasikia "Kitendawili!" akajibu "Tega!", na akishindwa ameambiwa "Nipe mji". Anatoa Kigoma, mtegaji anakwenda kustarehe Kigoma kwa maneno, halafu ndipo anafumbua. (Gazeti linatuwekea majibu Jumamosi inayofuata bila hata kudai mji. Huo ni upole.)

Hata hivyo kitendawili na kidokezo ni ndugu wenye tabia tofauti. "Nyumba yangu haina mlango" jibu lake ni yai, nasi tunalijua kwa sababu bibi alituambia. Mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kusema kaburi, na kwa mantiki huna la kumjibu. Jibu la kitendawili linalindwa na mapokeo. Jibu la kidokezo halina bibi wa kulilinda. Linalindwa na vitu viwili tu: herufi za maneno yanayolikatiza, na uaminifu wa mtunzi.

Sasa tazama Kiswahili kinavyompa mtunzi silaha. Kwanza ni maneno ya maana mbili. "Mnyama wa kukunia nazi (5)" ni MBUZI. "Liko juu ya nyumba, yuko porini (3)" ni PAA. Mezani umeza, kitandani ushuke na shuka, mtoni ulalie mto. Lugha imejaa mitego ambayo hatuioni kwa sababu tunaikanyaga kila siku.

Kisha kuna kuvuruga herufi. Chukua M, A, L na I. Zikipangwa upya zinatoa MALI, LIMA, MILA, LAMI na IMLA. Maneno matano kamili kutoka herufi nne. Hebu soma kidokezo hiki: "Barabara hupakwa mali iliyovurugwa (4)". Ukikisoma kama raia wa kawaida unafikiria tenda za ujenzi na unaanza kuhema. Ukikisoma kama mfumbuzi unaona vipande viwili. "Barabara hupakwa" ndiyo maana ya jibu. "Mali iliyovurugwa" ni herufi za MALI zikipangwa upya. Vyote viwili vinakupeleka LAMI. Jibu limethibitishwa mara mbili kabla hata hujaangalia neno linalokatiza.

Hiyo ndiyo siri ya ukoo wa Kiingereza, na haina uchawi wowote. Kila kidokezo kina maana upande mmoja na mchezo wa herufi upande mwingine. Kazi yako ni kupata mahali pa kukata.

Kuna pia kugeuza. Waingereza hugeuza herufi, lakini herufi za Kiswahili zikigeuzwa hazitoi kitu cha maana mara nyingi. Silabi ndizo zinazogeuka vizuri, kama walivyojua watoto wa pwani waliokuwa wakizungumza kinyume ili wakubwa wasiwaelewe. "Kata imegeuka uchafu (4)". Ka-ta, ta-ka. TAKA. Sijui kama diwani yeyote atanisamehe. Na ZIKA ukiigeuza unapata KAZI, ambayo naiacha kwa mtunzi mwenye roho ngumu kuliko mimi.

Kuunganisha vipande ni rahisi zaidi: "Irabu ya mwisho mbele ya jiji, alipokutwa Livingstone (5)". Irabu zetu ni a, e, i, o, u, ya mwisho ni U. Weka U mbele ya JIJI. UJIJI, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Hapa mtu asiyejua historia anaokolewa na herufi, na asiyejua irabu anaokolewa na historia.

Mwisho kuna kuficha, na hapa ndipo ninapoweza kumfanyia mtunzi wetu wa Jumamosi kazi yake. Alikuwa na neno MAWESE mkononi akaandika "Mafuta" akaenda kulala. Angeweza kuandika hivi: "Mafuta yaliyofichwa na mawe sehemuni (6)". Msomaji atawaza visima, wataalamu wa miamba, labda na mgao wa mapato. Lakini mafuta yamefichwa pale pale kwenye maandishi: MAWE SEhemuni. Kidokezo hiki ni kigumu mara kumi kuliko cha gazeti, na ni cha haki mara kumi vilevile. Yule kijana asingeweza kuandika DIZELI, kwa sababu DIZELI haimo ndani ya mawe yoyote.

Upatanisho ni ushahidi

Kuna jambo moja ambalo wafumbuzi wa Kiswahili wanalo na Waingereza hawana, na nashangaa tunavyolitumia kidogo. Kiswahili kinatoa siri kwa viambishi. Kidokezo "Hukatwa nacho" na kidokezo "Hukatwa nalo" kwa Mwingereza ni kitu kimoja. Kwetu "nacho" inataka jina la ki-vi, kwa hiyo KISU. "Nalo" inataka PANGA au SHOKA. Ile o-rejeshi peke yake imefuta nusu ya kamusi. Ukiona "Huyu", tafuta kiumbe. Ukiona "Mjane huikalia", tayari unajua jibu si la ki-vi wala la ji-ma.

Kwa hiyo mtunzi asiyejali upatanisho anatunga uongo. Nimewahi kupoteza nusu saa kwenye mraba fulani ulioniambia "Wadudu hawa hutengeneza chavua kuwa tamu (5)", nikatafuta wingi, kumbe jibu lilikuwa NYUKI. Hapo nilikubali, maana nyuki mmoja ni nyuki na nyuki wengi ni nyuki. Kosa lilikuwa kwingine: tamu inatokana na nekta ya maua, si chavua. Mrina asali yeyote wa Sikonge angemwambia. Jibu likiwa sahihi na maelezo yakiwa ya uongo, kidokezo bado ni kibovu.

Vitenzi vina sheria hiyo hiyo. "Andaa chakula" jibu lake PIKA. "Kuandaa chakula" jibu lake KUPIKA. "Huandaa chakula" ni MPISHI, au ni HUPIKA, na mtunzi mwaminifu huhakikisha herufi zinakatiza mahali panapotenganisha hivyo viwili. Ukiona kidokezo kinaanza na "ku-" na jibu halina "ku-", umeonewa.

Halafu kuna suala la vijumba vyenyewe ambalo magazeti yetu hayajalipatia msimamo. CH ni herufi moja au mbili? Kwa sikio ni sauti moja, na peke yake C haina kazi katika Kiswahili Sanifu. Watunzi wengi huweka C kwenye kijumba chake na H kwenye chake, kwa hiyo CHUMVI ni herufi sita. Wapo wanaozibana pamoja, CHUMVI inakuwa tano. Na NG'OMBE je, ile ritifaa inakaa wapi? Naona kugawa vijumba ni bora, kwa sababu NY, SH na NG zinakutana na maneno mengine kirahisi zaidi zikiwa zimeachana. Lakini nitakubali mfumo wowote uliotajwa juu ya mraba. Kinachoudhi ni mraba unaobadilisha mfumo katikati, asubuhi CH mbili, jioni CH moja.

Zawadi nyingine ya lugha yetu: karibu kila neno linaishia na irabu. Kijumba cha mwisho kina wageni watano tu, ukiacha maneno machache ya kukopa kama RAIS. Ukikwama, andika kwa penseli irabu unayoihisi pale mwisho. Utapatia mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa ukianza na A.

Kuhe wa nani?

Lawama kubwa ninayosikia kijiweni ni kwamba mraba wa wikiendi "umejaa vitu vya Dar". Lawama hii nusu yake ni kweli. Hakuna ubaya wowote kwa mtunzi kuuliza jambo la mahali fulani. Mtu wa Kigoma akiona "Samaki wa Ziwa Tanganyika (4)" ataandika KUHE kabla hajakaa vizuri, na mtu wa Tanga atabaki anakodoa. Si dhuluma hiyo, kila mmoja ana zamu yake. Dhuluma ni pale KUHE inapokatizwa na jina la mchezaji wa nje aliyestaafu zamani, na herufi ya makutano haiwezi kukisiwa na asiyejua yote mawili. Hapo stesheni haina jina kwa upande wowote wa reli. Wamarekani wana neno la makutano ya namna hiyo: huyaita Natick, jina la mji wa Massachusetts uliowahi kukatizwa na jina la mchoraji mwaka 2008 na kuwaacha watu na kijumba kimoja kitupu. Sisi hatuna neno hilo bado. Pale kijiweni tumeanza kusema "hapa mtunzi kaniacha Kaliua", yaani treni imegawanyika na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi.

Watu husema pia kwamba mraba mkubwa ndio mgumu. Hapana. Wa Jumapili wa New York Times una vijumba 21 kwa 21 na ule wa siku za kawaida 15 kwa 15, lakini mgumu kuliko yote ni wa Jumamosi. Ugumu umo kwenye vidokezo. Mraba mdogo wa vidokezo vyenye mitego utakulaza njaa.

Husemwa kwamba kufungua kamusi ni wizi. Mimi nafungua. Nalipa shilingi zangu kununua gazeti na hakuna polisi wa chemshabongo. Tofauti ninayoiona ni kati ya kuthibitisha neno ulilolikisia na kuanza kurasa za M ukitafuta kitu chochote chenye herufi sita. Ya kwanza inakufundisha. Ya pili ni uchovu tu, na Jumamosi ijayo utakuwa pale pale.

Na lile la kwamba mchezo huu unazuia uzee wa akili, sitaki kuahidi kitu. Ukifumbua sana utakuwa hodari wa kufumbua. Hilo nina hakika nalo. Hayo mengine waulizwe madaktari.

Babu anatunga

Jumamosi hii majibu yalitoka. MAWESE, kama ilivyotarajiwa. Jamaa wa Kasulu hakuwepo kujisifu, alishaondoka na treni yake. Kijana wa bodaboda alitazama tu, akasema kidokezo kilikuwa cha hovyo, na safari hii nilikuwa upande wake.

Ndipo mzee mstaafu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ametunga kimoja, tangu usiku. Akavaa miwani akasoma kama anatangaza treni: "Nusu ya tano ni bora kwenye makutano ya reli. Herufi sita."

Kimya. Mama wa vitumbua akatabasamu huku akigeuza vitumbua vyake, nikajua yeye ameshapata. Mimi nilitafuta kasoro, kwa mazoea. Maana ipo, iko mwishoni. Mchezo wa herufi upo, uko mwanzoni. Hakuna neno lililozidi, labda hilo "ni" mtu mkali angelinung'unikia.

Kijana alikuwa amekunja vidole viwili na cha tatu amekiacha katikati.

"Babu," akasema, "nusu ya tano ni mbili na nusu. Hiyo inaingiaje kwenye kijumba?"

"Nani kakwambia uhesabu?" akajibu mzee. "Soma."